Ripoti inasema kuna DEHP kwenye mafuta yetu ya alizeti: je, tutupe madumu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi na mume wangu tunakamua mafuta ya alizeti hapa Makambako. Tunauza kwa madumu ya lita 20. Mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam alichukua dumu moja akapeleka mafuta maabara kabla ya kutupatia oda, na ripoti imerudi na maneno haya: DEHP 2.4 mg/kg, DBP 0.3 mg/kg, njia GC-MS, ioni 149, 167, 279. Anasema hizo ni kemikali za plastiki, tutupe madumu yote tununue mapya ndipo aendelee na sisi. Mashine inajuaje kwamba ni plastiki na si mafuta yenyewe? Na kweli ni madumu? Waliokwisha kula mafuta haya tuwaambie nini?

Jibu: Marahaba, dada. Usitupe dumu hata moja kwa sasa. Ripoti uliyonayo inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ushauri wa mnunuzi ukakutia hasara bure, kwa sababu mashine hutaja kilichomo ndani ya mafuta, haitaji kilipoingilia. Kilipoingilia kinatafutwa hapo kiwandani kwenu, hatua kwa hatua, tangu mbegu inapoanikwa hadi dumu linapofungwa. Na kwa maelezo uliyonipa, dumu silo ninaloanza kulishuku.

DEHP na DBP ni kemikali za kundi la thaleti. Ni vimiminika vizito visivyo na rangi, vinavyochanganywa na plastiki ngumu ili ipate kupinda bila kukatika. Kazi yao ndiyo inayowapa jina la vilainishi. Plastiki inayovihitaji kuliko zote ni PVC. Bila kilainishi, PVC ni bomba gumu la maji linalopasuka ukilikanyaga. Ikitiwa kilainishi, mara nyingi theluthi ya uzito wake au zaidi, inakuwa mpira wa kumwagilia bustani, zulia la plastiki la sebuleni, koti la mvua, ngozi bandia ya kiti cha basi. Kilainishi hicho hakikufungwa kikemia na plastiki yenyewe. Kimekaa tu katikati ya minyororo mirefu ya PVC, kwa hiyo hutoka kidogo kidogo, na hutoka haraka zaidi kikikutana na kitu chenye asili ya mafuta. Maji yakipita kwenye mpira wa PVC huondoka na kiasi kidogo sana; mafuta ya alizeti yenye vuguvugu hukivuta hasa.

Sasa ligeuze dumu lako utazame chini. Madumu mengi ya lita 20 yana alama ya pembetatu yenye namba 2 ndani yake, yaani ni polietilini nzito, HDPE. Plastiki hii hupinda kwa asili yake na haihitaji thaleti ili iwe kama ilivyo. Chupa za mafuta za plastiki angavu nazo kwa kawaida ni namba 1, PET. Jina refu la PET lina neno linalofanana na thaleti na limewatia watu wengi hofu, lakini hapo ni sehemu ya mnyororo wenyewe wa plastiki, ni kemikali nyingine kabisa na DEHP. Namba ya kutafuta ni 3. Ukiiona namba 3 kwenye kitu chochote laini kinachogusa mafuta, simama hapo.

Umeuliza mashine inajuaje. Nitalieleza hili kwa kirefu, maana ukilielewa utaweza kuisoma ripoti yoyote watakayokuletea bila kumtegemea mnunuzi akufasirie.

Kazi ya kwanza ya maabara ni kuzitenga thaleti na mafuta. Hapo pana ugumu, kwa sababu thaleti zinapenda mafuta na zimejificha ndani yake. Molekuli za mafuta ya alizeti ni kubwa, uzito wake unakaribia 880, na zikiingia kwenye mashine kwa wingi huchafua kila kitu. Njia inayotumika sana ni kutikisa mafuta pamoja na asetonitrili, kiyeyushi kisichochanganyika na mafuta. Thaleti zinahamia kwenye asetonitrili kwa kiasi kikubwa, mafuta mengi yanabaki chini. Asetonitrili hiyo yenye thaleti, yaani dondoo, inasafishwa tena, kisha mikrolita moja hivi inadungwa kwenye mashine kwa sindano.

Ndani ya mashine dondoo linageuka mvuke na kusukumwa na gesi, mara nyingi heli, kupitia mrija mwembamba kama unywele, wenye urefu wa mita 30 hivi, uliokunjwa ndani ya oveni. Joto linapanda taratibu. Kila kemikali inatoka upande wa pili kwa dakika yake, nyepesi zikitangulia. Hiyo ni sehemu ya kromatografia. Inapotoka inapigwa na elektroni zenye nishati ya elektroni-volti 70, inavunjikavunjika, na vipande vyenye chaji, yaani ioni, vinapangwa kwa uzito na kuhesabiwa. Hiyo ndiyo spektrometri ya masi, na sehemu hizo mbili pamoja ndizo GC-MS ya kwenye ripoti yako.

DEHP ina uzito wa molekuli 390, lakini kwa kupigwa hivyo molekuli nzima haionekani, au huonekana kwa shida. Kinachoonekana ni namna inavyovunjika. Kwanza inapoteza mkia mmoja kati ya mikia yake miwili ya kaboni nane, kinabaki kipande cha 279. Ikipoteza na wa pili, inabaki 167. Kipande hicho kikitoa molekuli moja ya maji, ambayo uzito wake ni 18, inabaki 149, na 149 ndiyo ndefu kuliko zote kwenye chati inayochorwa na mashine. Mafuta ya alizeti hayavunjiki hivyo. Kwa hiyo swali lako la mashine kuchanganya plastiki na mafuta yenyewe lina jibu: 149, 167 na 279 zikitokea pamoja, kwa uwiano ule ule wa DEHP halisi, na katika dakika ile ile ambayo DEHP halisi hutoka kwenye mrija ule ule, hayo si mafuta ya alizeti.

Lakini masharti hayo matatu lazima yatimie kwa pamoja, kwa sababu 149 peke yake ni kama jina la ukoo: inakuambia mtu katoka nyumba gani, haikuambii ni nani. Karibu thaleti zote huacha kipande hicho hicho. DBP inaacha 149, DEP inaacha 149, DINP na DIDP pia. Anayejitenga ni DMP, ambaye kipande chake kikuu ni 163. Kinachowatofautisha ni vipande vidogo vinavyoandamana nayo: DEP ina 177, DINP ina 293, DIDP ina 307, DBP ina 205 na 223.

Tazama tena ripoti yako kwa macho hayo. Ioni tatu zilizoandikwa ni za DEHP. Zinazoitambulisha DBP hazipo. Hiyo haimaanishi kwamba DBP wameibuni, huenda wamefupisha tu maandishi, lakini una haki ya kuuliza: DBP mliithibitisha kwa ioni zipi? Na mliitofautishaje na DiBP, pacha wake mwenye uzito ule ule na vipande vinavyofanana, anayetofautiana naye kwa dakika ya kutoka tu? Mpaka wajibu, ile 0.3 naitilia shaka kuliko ile 2.4.

Hata DEHP ina pacha wanaosumbua. DnOP ina fomula ile ile, C24H38O4. DEHT, kilainishi ambacho viwanda vingi vimekimbilia baada ya DEHP kubanwa, nacho kina fomula hiyo hiyo. Wapo wanaodhani kwamba mashine ya bei kubwa inayopima masi hadi tarakimu nne baada ya nukta inamaliza utata huu. Haimalizi: zote tatu ni 390.2770, na haziachani hata ukiongeza tarakimu. Kinachozitenga ni mrija, maana DEHP hutangulia, pamoja na vipande: DEHT huonyesha 261 ambayo DEHP haina kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo usitishwe wala usifarijiwe na ukubwa wa mashine. Uliza dakika ya kutoka na uwiano wa ioni.

Nafika kwenye jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote katika ripoti za aina hii. Thaleti zipo kila mahali, na maabara yenyewe ni mojawapo ya mahali hapo. Zipo kwenye glavu laini za vinaili, kwenye vumbi la sakafuni, kwenye mipira ya mashine, kwenye vifuniko vya vichupa vya sampuli, hata kwenye viyeyushi vilivyonunuliwa kwa bei ya juu. Wanaotumia mashine za kromatografia ya kimiminika wanaijua namba 391.28 kwa moyo, ambayo ni DEHP iliyobeba protoni moja, kwa kuwa huiona kwenye skrini hata siku ambayo hawajaweka sampuli yoyote. DBP na DEHP ndizo zinazoongoza kwa uchafuzi huu wa ndani ya maabara.

Maabara makini inalijua hilo na ina namna ya kujilinda. Vyombo ni vya kioo, huoshwa kwa kiyeyushi na kuchomwa kwenye tanuri lenye nyuzi joto mia kadhaa. Katika kila kundi la sampuli wanapitisha sampuli tupu: hatua zote zile zile, viyeyushi vile vile, isipokuwa mafuta hayamo. Chochote kinachoonekana kwenye sampuli tupu kimetoka maabara. Halafu ndani ya kila sampuli wanatia DEHP maalumu, iitwayo kigezo cha ndani, ambayo haidrojeni nne za pete yake zimebadilishwa kuwa haidrojeni nzito. Hiyo hutoka karibu dakika ile ile na DEHP ya kawaida, lakini kipande chake kikuu kinaangukia 153 badala ya 149, na kwa kuwa wanajua waliitia kiasi gani, wanajua pia ni kiasi gani cha DEHP kilipotea njiani wakati wa kusafisha dondoo. Ripoti ya thaleti isiyotaja sampuli tupu haijakamilika, hata ikiwa na mihuri mitatu.

Kwa hiyo waandikieni maabara, au mwambieni mnunuzi awaandikie, kwa adabu na kwa maneno machache. Sampuli tupu ya siku hiyo ilitoa kiasi gani cha DEHP na DBP? Kikomo chenu cha chini cha kupima ni kipi? Mlitumia kigezo cha ndani chenye haidrojeni nzito? Mafuta yaliwafikia kwenye chombo gani? Mchambuzi anayejua kazi yake hatakasirishwa na maswali haya. Atafurahi kwamba kuna mtu aliyesoma ripoti yake. Kama sampuli tupu ilikuwa na DBP ya 0.2, basi 0.3 yenu haisemi kitu. Kama ilikuwa na DEHP ya 0.1, basi 2.4 yenu ni ya kweli na mnapaswa kuihangaikia.

Na nionavyo, ni ya kweli. Kiasi hicho ni kikubwa mno kuwa vumbi la maabara tu, na wakati huo huo ni kidogo mno kuwa mtu aliyetia kemikali kwa makusudi. Mwaka 2011 huko Taiwan, mchambuzi wa serikali alikuwa akipima unga wa bakteria rafiki wa tumbo akitafuta dawa zilizofichwa ndani yake. Akaona mlima kwenye chati ambao haukuwa wa dawa yoyote aliyoitafuta. Angeweza kuupita. Akaufuatilia, ukawa DEHP, kiasi cha miligramu 600 hivi kwa kilo, na uchunguzi ukaonyesha kwamba watengenezaji wa kiungo cha kufanya vinywaji viwe na ukungu walikuwa wameweka DEHP mahali pa mafuta ya mawese kwa sababu bei yake ni ya chini. Ndivyo ughushi unavyoonekana kwenye namba. Miligramu 2.4 kwa kilo ni namba ya kitu kilichogusana na mafuta.

Kisa hicho kina somo jingine linalowahusu moja kwa moja. Mashine hii inaweza kutumika kwa namna mbili. Inaweza kutazama ioni chache ilizoamriwa tu, na hapo inakuwa na macho makali sana kwa hizo na kipofu kwa nyingine zote. Au inaweza kurekodi kila kitu. Maabara ikitazama 149, 167 na 279 peke yake, haitaona DEHA, kilainishi cha karatasi laini za kufungia chakula, ambacho kipande chake kikuu ni 129. Haitaona ATBC ya jamii ya sitrati yenye 185, wala DINCH yenye 155. Mtakapobadilisha vifaa na kupima tena, ombeni angalau sampuli moja irekodiwe yote. Mpira mpya usio na thaleti unaweza kuwa umejaa mojawapo ya hizo, na ni heri mlijue mapema.

Sasa twende kiwandani. Viwanda vidogo vya kukamua vinafanana sana, toka Iringa hadi Mbozi, kwa hiyo ngoja niufuate mkondo wa mafuta nikikuonyesha pa kusimama.

Kituo cha kwanza ni mpira unaohamisha mafuta kutoka tangi la kutuliza kwenda kwenye chujio, na kutoka chujio kwenda kwenye dumu. Karibu kila mahali ni mpira laini wa plastiki uliokatwa dukani kwa mita, uwe ule wa kuonyesha ndani au wa kijani wa bustani. Karibu kila mara ni PVC. Mafuta yanatoka kwenye kinu yakiwa ya moto, na joto linakivuta kilainishi haraka. Halafu Juni na Julai, baridi ya Makambako inaukaza mpira hata haupindi, na mtu anayenunua mwingine anachagua ule unaobaki laini zaidi, yaani wenye kilainishi kingi zaidi. Mpira uliogandamana na kuwa mgumu baada ya misimu kadhaa ya kupitisha mafuta unanitia mashaka pia, kwa kuwa kilainishi kilichokuwa kinaulainisha kimekwenda mahali fulani.

Kuna jambo la kupima hapa ambalo halihitaji fedha. Kata kipande kidogo cha mpira ukitie kwenye ndoo ya maji. Polietilini na polipropilini zinaelea, PVC inazama. Kikizama, chukua waya wa shaba, uushike kwa koleo, uupashe kwenye moto wa jiko la gesi mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi ya kijani. Uguse kipande cha mpira ili kiyeyukie kidogo kwenye waya, uurudishe motoni. Moto ukigeuka kijani kibichi, kuna klorini, na kwenye mpira wa namna hii klorini maana yake ni PVC. Fanyieni nje, kipande kiwe kidogo kama punje, mkae upande upepo unapotokea, watoto wawe mbali, maana moshi wake ni mkali kwa mapafu. Kipimo hiki hakikuambii kilainishi ni kipi. Kinakuambia ni kipande kipi cha kupeleka maabara.

Kituo cha pili ni turubai la kuanikia mbegu. Maturubai mengi ya bei nafuu ni ya polietilini iliyofumwa na hayanisumbui. Lile zito la kufunikia mzigo wa lori, lenye uso unaong'aa na harufu kali jua linapowaka, mara nyingi ni kitambaa kilichopakwa PVC laini. Mbegu za alizeti zikikaa juu yake siku nzima juani, zinaweza kubeba kilainishi kwenye maganda hadi ndani ya kinu. Viroba vya salfeti vya kuhifadhia mbegu ni polipropilini, hivyo viacheni.

Vingine navipitia upesi: mipira midogo ya kuzibia kwenye pampu, mikanda ya kusafirishia mbegu, glavu za wafanyakazi, na kipande laini cha ndani ya mfuniko wa dumu. Vyote vinawezekana, ila eneo linalogusa mafuta ni dogo ukilinganisha na mita kadhaa za mpira.

Na dumu? Dumu jipya la HDPE nimelitetea. Dumu lililotumika sitalitetea. Polietilini hunyonya kilichowekwa ndani yake na kukirudisha baadaye, na kwenye masoko yetu kuna madumu yaliyowahi kubeba oili, sabuni za maji, hata viuatilifu. Kuosha kwa sabuni na maji ya moto hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani ya ukuta wa plastiki. Ikiwa miongoni mwa madumu yenu kuna yaliyonunuliwa yakiwa yametumika kwa kitu kisicho chakula, hayo yatengeni leo hii, na sababu yake ni kubwa kuliko DEHP.

Kuthibitisha mnahitaji sampuli chache zilizochukuliwa vizuri. Tumieni vichupa vya kioo, ikiwezekana vilivyoandaliwa na maabara yenyewe. Kati ya mdomo wa kichupa na mfuniko wekeni foili safi, mafuta yasiguse plastiki ya mfuniko. Atakayechukua asivae glavu za plastiki laini na asiwe amejipaka losheni yenye manukato, kwani DEP hutumika kwenye manukato na itaonekana kwenye chati. Kichupa cha kwanza kikingeni moja kwa moja kwenye mdomo wa kinu. Cha pili mwisho wa mpira wa kujazia, asubuhi, kabla hamjamwaga chochote. Cha tatu pale pale baada ya kujaza madumu kadhaa. Cha nne kutoka kwenye dumu lililokaa stoo muda mrefu kuliko yote. Na mpeleke kipande cha mpira wenyewe, kimefungwa kwenye foili.

Cha pili na cha tatu nimevitenganisha kwa sababu maalumu. Mafuta yaliyolala ndani ya mpira usiku kucha yanavuta kilainishi kwa saa nyingi, yale yanayofuata yanapita kwa sekunde. Dumu la kwanza la asubuhi linaweza kuwa na DEHP nyingi kuliko yote ya siku hiyo. Mnunuzi wenu alichukua dumu moja. Hamjui lilikuwa la ngapi.

Kusoma majibu si kugumu. Kichupa cha kwanza kikiwa kisafi na cha pili kichafu, ni mpira. Cha kwanza kikiwa kichafu tayari, rudini kwenye mbegu na turubai. Kama vya mwanzo vyote ni visafi na cha dumu la stoo ndicho kichafu, hapo nitakubaliana na mnunuzi kuhusu madumu, au angalau kuhusu vifuniko. Kipande cha mpira ndicho kinachofunga mjadala: kikipimwa na kukutwa kimejaa DINP, chenye kilima kipana cha milima midogo kwenye chati na 293 yake, huku mafuta yana DEHP, basi mpira huo hauhusiki na mtafute kwingine. Vikilingana, mmepata.

Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapo Mbeya. Anzieni huko kuuliza namna ya kuwasilisha sampuli. TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu 2019 ndio wenye dhamana ya usalama wa chakula nchini, nao waelezeni mnachofanya kabla mtu mwingine hajawaeleza.

Kuhusu waliokwisha kula, nataka uwe na namba mkononi badala ya hofu. Mwaka 2019 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, iliweka kiwango cha muda cha thaleti nne kwa pamoja, DEHP, DBP, BBP na DINP: mikrogramu 50 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, kiasi anachoweza kula kila siku maisha yake yote. DBP huhesabiwa mara tano kwa sababu ina nguvu zaidi. Mafuta yenu, tukizikubali namba zote mbili za ripoti, yana 2.4 na mara tano ya 0.3, jumla 3.9. Mtu mzima wa kilo 60 akila gramu 30 za mafuta kwa siku anapata mikrogramu 117, yaani karibu 2 kwa kila kilo yake. Mtoto wa kilo 12 akila gramu 15 anapata karibu 5. Mtoto huyo amefika sehemu ya kumi ya kiwango kwa mafuta pekee, kabla ya kuhesabu vingine anavyokula na vumbi la zulia analotambaa juu yake. Hakuna wa kukimbizwa hospitali. Lakini kiwango hicho kiliwekwa kwa kuangalia zaidi madhara kwenye mfumo wa uzazi, hasa wa mtoto wa kiume akiwa bado tumboni, kwa hiyo siwezi kukuambia ni sawa tu iendelee.

Mnunuzi naye ana sababu ya kushtuka. Kanuni za Umoja wa Ulaya za plastiki zinazogusa chakula, baada ya marekebisho ya 2023, zinaruhusu DEHP ihame kutoka kwenye plastiki hadi miligramu 0.6 tu kwa kilo ya chakula na DBP 0.12, na haziruhusu kabisa DEHP itumike kama kilainishi kwenye vifaa vinavyogusa chakula chenye mafuta. Akiuza kwa mtu anayefuata kanuni hizo, 2.4 haipiti. Mwambieni mmeipokea ripoti kwa uzito, mmesimamisha kuuza shehena ile, mnafuatilia chanzo, na mtamletea majibu ya vichupa. Msimwahidi madumu mapya.

Mafuta mliyokwisha kujaza hayatasafishika hapo kiwandani. DEHP huchemka kwenye nyuzi joto 385 hivi, kwa hiyo kuchemsha hakuiondoi, na imeyeyuka ndani ya mafuta hata kitambaa cha chujio hakiishiki. Kuyachanganya na mafuta mapya ili namba ishuke msikufanye. Yawekeni kando mpaka mjue ni madumu yapi yaliyojazwa kwa mpira ule na ni yapi ya kwanza ya kila asubuhi.

Mkithibitisha ni mpira, pa kuweka mpira mwingine wekeni bomba la chuma cha pua kila mahali pasipohitaji kupinda. Mafundi wa vyuma Mbeya na Iringa wanaunga vizuri, na gharama yake ipimeni na ile ya madumu mia moja mapya. Mahali panapolazimu kupinda, silikoni ya vifaa vya chakula inafaa. Muuzaji akikuambia mpira wake ni salama kwa maji ya kunywa, hajajibu swali lenu. Ulizeni kama umepimwa kwa mafuta. Au acheni mpira kabisa: tangi likiinuliwa, faneli ya chuma na valvu vinajaza dumu bila mita hata moja ya plastiki laini.

Baada ya kubadilisha msiharakishe kupima. Mafuta ya zamani bado yamo kwenye tangi, kwenye pampu na kwenye vitambaa vya chujio, na yataendelea kutoa DEHP kwa muda. Badilisheni vitambaa, suuzeni mkondo mzima kwa mafuta mapya ya moto, mafuta hayo yawekwe pamoja na yale yaliyotengwa, kisha fanyeni kazi kama kawaida wiki moja. Sampuli ya kumpelekea mnunuzi ichukueni kwenye dumu la kwanza la asubuhi.